Nyumba Nayo Hutaka Pumzi



Juma hili twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni kwa mtu aliyeketi barazani Mombasa, Malindi au Lamu akijipepea. Jambo lenyewe ni kuipasha nyumba joto, na hewa inayoingia na kutoka katika nyumba hiyo. Nyumba nyingi za mwambao wetu zina mwana, dada au mjomba aishiye Uingereza, Sweden, Kanada au Marekani, na kila baridi ya huko ishikapo twasikia maneno yale yale: gesi imepanda bei, umeme haushikiki, nyumba haipati joto. Kisha hufuata nasaha, na mara nyingi hutoka huku kwetu kwa simu: "Zibeni kila tundu." Nasaha hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Upande wake wa pili umewahi kuua.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na hewa ya bure. Wazee wetu walipojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, waliacha ua wa ndani ulio wazi juu, wakainua dari, wakayakabilisha madirisha ili pepo za kaskazi na kusi zipite. Paa la makuti lenyewe huliachia joto litoke baina ya kuti na kuti. Kwa hivyo mtoto wa kwetu hakufunzwa kwamba hewa ina bei. Ahamiapo nchi ambayo nje ni nyuzi 5 naye ndani ataka nyuzi 20, hukuta kwamba kila hewa iingiayo imeingia baridi na yataka kupashwa moto, na kila itokayo imetoka na joto ambalo yeye amekwisha kulilipia.

Mafundi wanaopima nyumba ili wajue yahitaji hita ya nguvu gani hugawa joto linalopotea mafungu mawili. Fungu la kwanza ni joto linalopita katika kuta, paa, sakafu na vioo. Fungu la pili ni joto linalochukuliwa na hewa. Hesabu ya fungu hili la pili ni nyepesi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya. Chukua ukubwa wa nyumba kwa mita za ujazo. Zidisha kwa idadi ya mara ambazo hewa yote ya nyumba hubadilika kwa saa moja. Zidisha kwa tofauti ya nyuzi baina ya ndani na nje. Kisha zidisha kwa 0.33. Jawabu ni wati. Hiyo 0.33 ndiyo kadiri ya wati-saa zinazotakiwa ili kuipandisha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja ya joto.

Tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, yenye mita za mraba 80 na dari ya mita 2.5, ina mita za ujazo 200 za hewa. Nje ni nyuzi 5, ndani ni nyuzi 20. Tofauti ni 15. Ikiwa hewa yote hubadilika mara moja kwa saa, twapata 200 mara 1 mara 15 mara 0.33, nayo ni wati 990. Ni sawa na kuwasha hita ya umeme ya kilowati moja bila ya kuizima mchana na usiku, kwa ajili ya hewa peke yake. Nyumba kuukuu yenye nyufa, ambayo hewa yake hubadilika mara moja na nusu kwa saa, hula karibu kilowati-saa 36 kwa siku. Nyumba iliyozibwa vizuri, ambayo hewa hubadilika nusu tu kwa saa, hula kama 12. Tofauti ya kilowati-saa 24 kila siku ya baridi ni fedha ambayo ingalinunua chakula, au ingalitumwa nyumbani kwa mzee. Kwa hivyo anayeziba nyufa hafanyi ubakhili. Anajiepusha na israfu, na israfu dini yetu imeikataza.

Lakini si kila hewa iingiayo ni hasara. Wataalamu huitenga hewa hii namna mbili, na tofauti iliyopo baina yake sisi twaweza kuieleza kwa neno tulilolijua tangu chuoni, nalo ni nia. Kuna hewa ya kupenya: hii huingia bila ya kualikwa, katika mwanya wa mlango, ukingo wa dirisha, tundu la bomba, nafasi ilipopita waya, au kifuniko cha dari. Na kuna hewa ya kupitishwa: hii huingia na kutoka kwa sababu mwenye nyumba ameitaka, kwa dirisha alilolifungua, kwa kitundu kilichowekwa juu ya fremu, au kwa feni ya bafuni na jikoni. Zote mbili zina gharama ile ile ya joto, na katika hesabu huingia pamoja. Lakini hazina manufaa sawa.

Hewa ya kupenya haina uaminifu. Huendeshwa na mambo mawili, upepo wa nje na tofauti ya joto. Hewa yenye joto hupanda, ikatoka katika nyufa za juu, na hewa baridi ikavutwa kwa nyufa za chini. Kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi na upepo kuvuma, ndivyo hewa hii inavyoingia kwa wingi. Na siku ya utulivu, isiyo na upepo wala baridi kali, karibu haiingii. Huja nyingi usiku ule ambao ni ghali mno kuipasha moto, na hukosekana siku inapohitajika. Tena haichagui pa kwenda. Yaweza kuvuma miguuni mwa mtu sebuleni, na isifike kabisa katika chumba wanamolala watoto watatu mlango umefungwa.

Hewa ya kupitishwa hupimwa. Hutolewa mahali penye mvuke na harufu, ikaletwa mahali penye watu. Ndiyo maana kauli ya mafundi wa leo ni kwamba nyumba izibwe barabara, kisha ipewe hewa kwa kipimo. Nyumba ya majaribio iliyojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991 ilifuata njia hiyo. Majengo yaliyofuata mtindo wake huzibwa hata hewa isiweze kupenya zaidi ya sehemu 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa, hata inaposukumwa na feni ya kupimia kwa mkazo wa paskali 50. Juu ya hayo, huwekwa mashine inayotoa hewa chafu na kuleta safi, huku ikilichukua joto la ile inayotoka na kuipa ile inayoingia. Walioziba kwa ukali kuliko wote ndio hao hao waliohakikisha kwamba nyumba ina njia ya kupumua.

Hatari huja pale mtu anapofanya nusu ya kazi. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani na kwa baadhi ya waliosimama nayo, kwa sababu ya vita vilivyopiganwa ndani ya Ramadhani ya mwaka ule. Bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne. Nchi za baridi zikaanza kuziba nyumba zao kwa nguvu, na katika nyingi ya nyumba hizo hakuna aliyeuliza hewa itapita wapi baada ya nyufa kuzibwa. Ule ufa uliokuwa ukilaumiwa kwa kupoteza joto ndio uliokuwa ukitoa pia mvuke, moshi na pumzi za watu.

Watu wa kwetu yawapasa kuufahamu mvuke kuliko jambo jingine lolote. Familia ya watu wanne au watano, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, yaweza kutia hewani maji ya kiasi cha lita 10 kwa siku. Maji hayo hayaonekani mpaka yakutane na baridi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 12. Kioo cha dirisha hufika huko upesi, na pembe ya ukuta nyuma ya kabati vilevile. Hapo ndipo koga huota: kwanza doa jeusi dogo, kisha ukuta mzima. Kuipaka rangi ni kuifunika tu, kwa kuwa maji yanayoilisha bado yapo.

Pumzi zenyewe pia zina hesabu. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mwanachuoni wa afya wa Munich, alishauri kwamba hewa ya chumba inapofikisha sehemu moja kwa elfu ya kaboni dayoksidi, ni dalili kwamba chumba hakipati hewa safi ya kutosha. Kipimo hicho cha sehemu 1,000 kwa milioni kingali kikitumika leo kama alama ya hewa isiyotosha. Mtu anayeamka na kichwa kizito katika chumba kilichofungwa usiku kucha huenda haumwi na baridi. Yaweza kuwa amelala akizirudia pumzi zake mwenyewe.

Tulisema kwamba upande wa pili wa nasaha ile umewahi kuua. Mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mnamo Desemba 2020, alifariki mtoto Awaab Ishak, mwana wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Sudan. Alikuwa ametimiza miaka 2 siku chache tu kabla. Waliishi katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala, iliyojaa koga jikoni na bafuni. Baba yake alikuwa amelalamika tangu mwaka 2017, akaambiwa aipake rangi. Novemba 2022, afisa wa sheria aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba mtoto alikufa kwa maradhi makali ya njia ya pumzi yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu katika koga, na kwamba koga ilitokana na shughuli za kawaida za kila siku katika nyumba isiyo na njia ya kutosha ya kupitisha hewa.

Twaomba wasomaji wayazingatie maneno hayo: shughuli za kawaida za kila siku. Wenye nyumba walikuwa wamedhani kwamba tatizo ni namna familia ile ilivyoishi, na baadaye wakakiri kwamba dhana hiyo ilikuwa makosa. Hii ndiyo sababu tunaiandika hesabu hii hapa. Asiyeijua hesabu hulaumiwa kwa kuoga na kupika, kisha akakubali lawama, akajiona kweli ndiye mkosa. Anayeijua aweza kusema kwa adabu: "Nyumba hii ina watu kadha, yahitaji hewa kiasi kadha, nayo haina njia ya kuipata."

Tuifanye basi hesabu hiyo. Chama cha wahandisi wa joto na ubaridi wa majumba cha Marekani, kiitwacho ASHRAE, huhesabu hewa ya nyumba ya kuishi kwa kutoa lita 0.15 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, na lita 3.5 kwa sekunde kwa kila mtu. Idadi ya watu hukisiwa kwa vyumba vya kulala na kuongeza mmoja. Kwa nyumba yetu ya mfano, yenye vyumba viwili, hao ni watu watatu. Twapata lita 12 za sakafu na lita 10.5 za watu, jumla lita 22.5 kwa sekunde, nayo ni mita za ujazo 81 kwa saa. Yaani kama sehemu nne katika kumi za hewa ya nyumba kila saa.

Lakini ni nani miongoni mwetu ana nyumba ya vyumba viwili yenye watu watatu? Wazazi wawili, watoto wanne na bibi aliyekuja kusaidia kulea ni nafsi saba. Kanuni yenyewe yasema wakizidi watu, iongezwe lita 3.5 kwa kila anayezidi. Sasa ni lita 36.5 kwa sekunde, au mita za ujazo zipatazo 131 kwa saa, karibu theluthi mbili ya hewa yote. Nyumba ni ile ile na kuta ni zile zile, lakini haki ya pumzi imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Fundi aliyeweka feni kwa ajili ya watu watatu hakuiwekea familia hii. Na kuipasha moto hewa hiyo ya nafsi saba, nje ikiwa nyuzi 5, huchukua wati kama 650. Hiyo ni gharama ya lazima, mfano wa nafaka ya chakula. Asiijutie mtu.

Kwa hivyo, kwa jamaa zetu walioko kwenye baridi, na kwa wazazi wanaowapa nasaha kutoka huku, twashauri mpango huu.

Kwanza, zibeni kile kinachoingia bila ya nia. Siku yenye upepo, washeni udi wa kijiti na mkipitishe polepole kandokando ya madirisha, milango, mabomba na kifuniko cha dari. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa. Mpira wa kuziba mlango na gundi ya kujazia nyufa ni vitu vya bei ndogo.

Pili, msizibe kile kilichowekwa kwa nia. Vitundu vilivyo juu ya fremu za madirisha viachwe wazi. Msikunje taulo chini ya mlango wa bafu, maana feni ya bafuni haiwezi kutoa hewa ikiwa hakuna mahali inapoingilia. Feni na iendelee kwa muda baada ya mtu kuoga, mpaka kioo kikauke. Tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya chombo cha gesi au cha moto lisiguswe kabisa, ila na fundi mwenye idhini.

Tatu, mkipika chakula cha wageni au futari ya watu wengi, fungeni mlango wa jiko, washeni feni au fungueni dirisha la jikoni. Nguo zikilazimika kuanikwa ndani, zianikwe katika chumba kimoja chenye dirisha lililoachwa wazi kidogo na mlango uliofungwa. Asubuhi, fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, kisha myafunge, kama ilivyo ada ya Wajerumani. Hewa hubadilika upesi, na kuta hazipati muda wa kupoa.

Nne, koga ikitokea katika nyumba ya kupanga, andikeni barua, pigeni picha, wekeni tarehe. Kwa wanaoishi Uingereza katika nyumba za kupanga za umma, sheria iliyopewa jina la Awaab imeanza kutumika tangu tarehe 27 Oktoba 2025. Koga na unyevu wa hatari vyatakiwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya hapo. Jambo la dharura ni ndani ya saa 24. Haki hiyo imenunuliwa kwa roho ya mtoto wa miaka miwili, na kunyamaza ni kuiacha ipotee.

Nasi tulio huku tusijione tumesalimika. Vijana wetu wanaosoma Limuru, Nyahururu au Eldoret huikuta baridi ya Julai, na wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kuziba mlango kwa nguo. Makaa yanayowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, akadhani ni joto limemliwaza, kisha asiamke. Mtume wetu (S.A.W.) alituasa tusiache moto ukiwaka nyumbani tunapolala, na katika vyumba hivi twaona rehema iliyomo katika wasia huo. Mzazi ampaye mwanawe blanketi la pili amemfanyia hisani kubwa kuliko ampaye jiko.

Na hapa Mombasa penyewe, ghorofa mpya za vioo zenye mashine za kupoza hewa zafuata hesabu ile ile iliyogeuzwa. Ufa unaopenyeza hewa ya joto huongeza bili ya umeme, na mashine nyingi za ukutani huizungusha hewa ile ile ya chumbani bila ya kuleta mpya. Anayelala humo na watoto wanne ana haja ya kujua hewa safi inaingilia wapi, sawa na nduguye aliyeko Leicester.

Dini yetu imetufunza njia ya kati katika matumizi: asiwe mtu mfujaji, wala asiwe mwenye mkono uliofumbwa. Nyumba inayovuja kila upande ni ufujaji. Nyumba iliyozibwa hata wakaaji wake wakakosa pumzi ni ubakhili juu ya nafsi ambazo Mwenyezi Mungu ametupa kama amana. Baina ya hizo mbili pana kipimo, na kipimo hicho huanzia kwa kuhesabu waliolala ndani ya nyumba. Kwa hivyo juma hili, unapompigia simu mwanao aliye kwenye baridi, usimwambie tena azibe kila tundu. Muulize wanalala wangapi, kisha muulize hewa yao inapita wapi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi jamaa zetu walioko mbali na walioko karibu, azitie baraka nyumba zetu na pumzi zilizomo ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.